Uchambuzi wa kisa: lugha ndogo ya kutengeneza aina za data kwa madaftari ya zamani ya pwani

Maelezo ya awali

Kisa hiki ni cha mradi wa kunukuu barua na madaftari ya biashara ya pwani na kuyaweka kwenye XML, yaani namna ya kuweka alama kwenye maandishi ili kompyuta ijue kila kipande ni nini. Jina la taasisi, mji, familia zenye madaftari na watu wa timu nimeyatoa yote, na kwenye mifano tarehe na viasi nimevibadilisha ili daftari lenyewe lisijulikane. Nimeamua kukiandika kirefu kwa sababu kila nikikutana na watu wanaotengeneza skima zao (kanuni za jinsi faili linavyotakiwa kuwa) naona wanaingia njia ileile: nguvu yote inaishia kwenye umbo la maandishi, yaani herufi ngapi, tarakimu ngapi, halafu swali la nini kiwe sawa na nini linaachwa mpaka siku ya mwisho, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Usuli

Karatasi zenyewe ni za miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Nyingi ni Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, chache za baadaye ni kwa hati ya Kirumi. Ndani yake kuna hesabu za rupia na pesa, mizigo ya frasila na pishi, tarehe za Hijria, na barua za aina ya fulani amefika saa tatu, mzigo haujashushwa. Timu ilikuwa ndogo: wanukuzi wanaoisoma hati hiyo vizuri, mwanahistoria mmoja, mama mmoja mtunza nyaraka ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na madevelopa wawili, mimi nikiwemo. Maandishi yaliwekwa tagi kwa kufuata TEI (miongozo ya kuweka alama kwenye maandishi), ambayo wengi wa wanaonukuu nyaraka za kihistoria wanaijua, na skima ya TEI hutumika zaidi kwa RELAX NG, lugha mojawapo ya kuandika skima.

Sasa kwa asiyeifahamu hii historia kidogo. XML ilipotoka Februari 1998 ilikuja na DTD, namna yake ya kwanza ya kuandika skima, na DTD kwa upande wa aina za data karibu hamna kitu, inaweza kukwambia hapa ndani kuna maandishi na ikaishia hapo, haijui namba wala tarehe. XML Schema ya W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2001 ikaleta aina za msingi 19, na nyingine nyingi zilizojengwa juu ya hizo. Unaweza kuzibana kwa umbo, kwa kima cha chini na cha juu, kwa orodha ya maneno yanayoruhusiwa. Usichoweza ni kutengeneza aina mpya kabisa yenye thamani zake mwenyewe: ukitaka tarehe ya Hijria unabaki na stringi (mfululizo wa herufi) iliyobanwa kwa rejeksi (kielezo cha umbo la maandishi), na stringi mbili ni sawa pale tu herufi zake zikiwa zilezile. RELAX NG, kazi ya James Clark na Murata Makoto, ilichukua njia nyingine, yenyewe ina aina mbili tu za ndani, stringi na tokeni (stringi isiyojali nafasi za ziada), halafu inaacha mlango wazi ili ulete maktaba yako ya aina. Maktaba hiyo inaulizwa mambo mawili: je haya maandishi yanakubalika kwa aina hii? Na je haya mawili ni sawa? Mlango huo ndio tuliopitia sisi.

Wazo la lugha ya kuelezea aina bila kuandika programu halikuwa letu. Jeni Tennison aliandika pendekezo la namna hiyo, na kazi ile ikaingia kwenye familia ya viwango vya DSDL (lugha za kuelezea skima za nyaraka), sehemu ya 5, ISO/IEC 19757-5 ya mwaka 2011. Tuliisoma na tukachukua mengi, hasa lile la kuyavunja maandishi vipandevipande vyenye majina, lakini zana iliyotufaa hatukupata, na wanukuzi wetu walihitaji kitu wanachoweza kukisoma wenyewe kwa Kiswahili. Ndiyo maana tukaunda lugha ndogo.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni kabisa hakukuwa na lugha yoyote, kulikuwa na rejeksi kwenye skima. Tatizo la kwanza lilitoka kwenye tarakimu. Kwenye rejeksi za XML Schema, alama ya \d haimaanishi 0 mpaka 9 peke yake, inamaanisha tarakimu yoyote ya desimali iliyomo Unicode (orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta), kwa hiyo ١٢ inapita bila shida. Lakini ukiipeleka ١٢ hiyohiyo kwenye aina ya integer (namba kamili) inakataliwa, manake integer inataka 0 mpaka 9 tu. Yaani maandishi yamepita mlango wa kwanza, yamekwama wa pili, na mnukuzi anaona ujumbe wa kosa kwenye kitu ambacho machoni pake kiko sawa kabisa.

Halafu ikaja kubwa zaidi. Baadhi ya wanukuzi walikuwa wanaandika kwa kibodi ya Kiarabu na mwingine kwa kibodi ya Kiajemi kwenye simu. Unicode ina seti mbili za tarakimu hizi, moja ya Kiarabu inayoanzia U+0660 na nyingine iliyoongezwa kwa ajili ya Kiajemi na Kiurdu inayoanzia U+06F0. Nne, tano na sita zinaonekana tofauti, ila moja, mbili na tatu kwa macho huwezi kuzitofautisha. Sasa chukua mwaka 1321: kwa kibodi ya kwanza ni ١٣٢١, kwa ya pili ni ۱۳۲۱, ukitazama skrini unaapa ni kitu kimoja, kompyuta inakwambia hapana. Mwanahistoria alikuwa anatafuta barua za mwaka mmoja na anapata nusu tu, na hakuna kosa lolote lililoripotiwa popote kwa sababu kila faili lilikuwa limepita skima.

Hapo ndipo tukakaa kitako na kukubaliana kwamba hatuhitaji rejeksi kali zaidi. Tunahitaji mahali pa kusema maandishi haya yakishasomwa yana thamani gani, na thamani mbili zinakuwa sawa lini.

Lugha tuliyoiunda ina hatua chache na kila hatua ina neno lake. Kwanza *safisha*, kuondoa tofauti zisizo na maana kama nafasi na aina ya tarakimu. Pili *umbo*, kuvunja maandishi katika sehemu zenye majina. Kisha *sharti*, kanuni ambayo sehemu hizo lazima zitimize, *thamani*, maana inayopatikana maandishi yakishasomwa, na *sawa*, kipi kinalinganishwa ili vitu viwili viwe sawa. Aina ya fedha ilikuwa hivi (mgawanyo ni sehemu ndogo ngapi zinafanya rupia moja):

aina fedha_ya_daftari (mgawanyo = 64)
  safisha: tarakimu, nafasi
  umbo: "Rs" [rupia] "na" [pesa]
  umbo: "Rs" [rupia]
  ikikosekana: pesa = 0
  sharti: pesa < mgawanyo
  thamani: rupia + pesa/mgawanyo
  sawa: thamani

Mnukuzi anaisoma hii bila kufundishwa programu. Na ona ule mstari wa thamani: kugawanya kunabaki sehemu kamili, haigeuzwi kuwa desimali, kwa hiyo Rs 1 na 32 yenye mgawanyo wa 64 ni sawasawa na Rs 1 na 50 yenye mgawanyo wa 100, bila makombo ya kukadiria.

Huo mgawanyo wenyewe hatukuanza nao, tuliweka 64 moja kwa moja kwa sababu rupia ilikuwa pesa 64. Skima ikaanza kukataa mistari kama Rs 2 na 70. Developa mwenzangu akasema ni makosa ya kunukuu, turudishe kwa wanukuzi. Mwanahistoria akaangalia tarehe za kurasa hizo, kumbe ni za upande uliokuwa chini ya Wajerumani na ni baada ya 1904, mwaka ambao rupia ya huko iliacha pesa 64 ikawa heller 100. Mwandishi wa daftari alikuwa sahihi, sharti letu ndilo lililokuwa la sehemu moja na wakati mmoja.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya hiyo ya heller ukazuka mjadala mrefu. Je, aina ya fedha iangalie tarehe ya ukurasa ili ijue yenyewe itumie 64 au 100? Ni rahisi kutamani hivyo. Tulikataa, tukasema aina inaona maandishi yake mwenyewe pamoja na vigezo ilivyopewa, basi, haichungulii kwa jirani. Sababu ni kwamba aina inayotegemea jirani haiwezi kupimwa peke yake, na ukihamisha kipande cha maandishi kwenda kwenye faili lingine inabadilika maana kimyakimya. Kanuni zinazounganisha sehemu mbili, kama ile ya tarehe ikiwa hivi mgawanyo uwe vile, tuliziandika kwa Schematron, ambayo ndiyo kazi yake hasa.

Uamuzi mwingine ulikuwa kuhusu nguvu ya lugha. Kulikuwa na hoja ya kuruhusu programu ndani ya aina, yaani mtu akishindwa kueleza kitu kwa umbo na sharti aandike script hapohapo. Ingetuharakisha sana. Mama mtunza nyaraka ndiye aliyelizuia hili na hoja yake ilikuwa nzito: faili la aina linasafiri pamoja na nyaraka, litafunguliwa kwenye mashine za watu wengine, pengine miaka 30 ijayo, na yeye hataki nyaraka zinazohitaji kuendesha programu ya mtu asiyemjua ili zisomeke. Tukabaki na lugha isiyo na vitanzi (amri za kurudiarudia) wala kazi za kujitungia (vipande vya programu vyenye majina), kila tamko linaisha, na pale panapohitajika hesabu nzito, mfano kugeuza Hijria kuwa miladi, linatajwa jina la kazi ya nje, na programu isiyokuwa na kazi hiyo bado inaweza kusoma sehemu zote na kupima masharti, inakosa tu ule ugeuzaji.

Tarehe ndiyo ilitutoa jasho. Kwanza majina ya miezi. Pwani mwezi baada ya Ramadhani ni Mfunguo Mosi, inaendelea mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Barua moja imeandika 7 Mfunguo Nne, nyingine 7 Muharamu, ni siku moja. Na ukumbuke mwaka wa Hijria unabadilika hapo kwenye Mfunguo Nne, siyo Mosi, kwa hiyo programu inayodhani mwezi wenye namba 1 ndio unaofungua mwaka itakosea mwaka mzima kwa miezi 3. Hili lilikuwa jepesi: jedwali la majina, kila jina na mwezi wake, thamani ni mwaka, mwezi na siku.

Kugeuza kwenda miladi ndiko kugumu. 12 Rajabu 1318 kwa hesabu ya jedwali inaangukia tarehe 5 Novemba 1900, lakini mwandishi alifuata mwezi ulioandama kwake, na kuandama kunategemea mahali na mawingu, kwa hiyo inaweza kuwa siku moja mbele au nyuma. Na siku ya zamani ilianza magharibi, haikuanza saa sita ya usiku, hivyo barua ya usiku wa Jumatatu imeandikwa usiku ambao leo wengi wangeuita wa Jumapili. Thamani ya kweli basi ni kipindi cha siku chache, siyo siku moja.

Developa mwenzangu alipendekeza tarehe mbili ziwe sawa kama vipindi vyake vinakutana. Inaonekana ni busara, ila inavunja kila kitu. Tarehe ya kwanza inaweza kukutana na ya pili, ya pili ikakutana na ya tatu, na ya kwanza na ya tatu zisikutane kabisa. Usawa wa namna hiyo huwezi kuutumia kupanga, kuhesabu wala kuondoa marudio, matokeo yatategemea ulianza na faili gani. Tukaamua kitu kimoja ambacho naamini ndicho kiini cha muundo wote: usawa ni ndani ya kalenda moja tu, kwa mwaka, mwezi na siku kama zilivyoandikwa. Kukutana kwa vipindi ni swali lingine, lina jina lake, *huenda*, na RELAX NG haihusiki nalo kabisa, ni la upande wa utafutaji.

Saa, na kosa ambalo skima ilizalisha

Aina ya saa ilionekana rahisi kuliko zote. Saa mbili usiku ni 20:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00, saa sita mchana ni 12:00. Umbo lilikuwa saa, namba, kisha kipindi cha siku, na kipindi kilikuwa cha lazima, kwa sababu saa tatu bila kipindi ina majibu mawili, 09:00 na 21:00, na aina yetu ilitaka thamani moja.

Kazi ikaenda vizuri sana. Makosa yakapungua mpaka karibu yanaisha, na sisi madevelopa tukaona hiyo aina imekamilika.

Baadaye mwanahistoria, katika kulinganisha picha za barua na maandishi, akakuta barua imeandika saa tatu na nakala inasema saa tatu asubuhi. Akafungua nyingine, hivyohivyo. Aliyenukuu akaulizwa, akaeleza kwa utulivu kabisa kwamba mashine ilikuwa haikubali bila kipindi, na kwa kuwa barua za biashara nyingi ni za asubuhi aliweka asubuhi. Hakuwa mzembe, alikuwa amefanya kile ambacho skima ilimtaka afanye. Mtu akiwa na kurasa za kumaliza na mbele yake kuna alama nyekundu isiyoondoka, ataandika kitakachoiondoa, na hakuna mafunzo yatakayobadilisha hilo.

Uzito wa jambo hili ni kwamba neno lililoongezwa halina alama. Rs 2 na 70 ilikataliwa kwa kelele, tukaiona, tukajifunza. Saa tatu asubuhi ilipita kimya na ikaonekana safi kuliko maandishi ya kweli. Ikabidi kila nakala yenye saa irudiwe kulinganishwa na picha.

Marekebisho yaliongeza neno moja kwenye lugha, *pungufu*. Aina inaweza kutangaza kwamba sehemu fulani ikikosekana maandishi yanakubalika, ila thamani inahesabiwa kuwa pungufu na inabeba majibu yote yanayowezekana. Saa tatu peke yake ni pungufu yenye majibu mawili. Pungufu ni sawa na nyingine pale tu sehemu zilizoandikwa ni zilezile, na kwenye utafutaji inajitokeza chini ya *huenda*. Rangi kwenye programu ya kunukuu ikawa njano, siyo nyekundu, na mnukuzi anaweza kuendelea na kazi yake.

Matokeo

Kwa upande wa fedha lugha ilifanya kazi kuliko tulivyotegemea. Kwa kuwa kila kiasi kina thamani, programu iliweza kujumlisha mistari ya ukurasa na kulinganisha na jumla aliyoiandika mwenye daftari chini, na kila isipolingana kuna kitu cha kuangalia: mara tarakimu imesomwa vibaya, mara mstari umerukwa, mara mwenyewe alikosea hesabu zama zile na hilo nalo ni habari. Tatizo la tarakimu za kibodi mbili liliisha siku ileile *safisha* ilipoanza kutumika, na maandishi asilia hayakuguswa, kusafisha kunafanyika wakati wa kusoma tu.

Ujumbe wa makosa nao ulibadilika. Rejeksi ikishindwa inakwambia tu haikubaliki. Ukiwa na sehemu zenye majina unaweza kusema sehemu ya pesa ni 70, inatakiwa iwe chini ya 64, angalia mgawanyo. Kwa maoni yangu hii peke yake ilitosha kuhalalisha kazi yote, kwa sababu mnukuzi anayeelewa kwa nini amekataliwa anauliza swali, asiyeelewa anabahatisha.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kubana lugha kulifanya kazi. Mara nyingi tulifika mahali tukatamani script ndogo, na kila mara tulipojizuia tuligundua kuwa kilichokosekana ni kigezo au ni kanuni inayopaswa kukaa Schematron. Aina zote tulizohitaji zilieleweka kwa zile hatua chache.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa kazi. Tulianza na umbo, tukaenda kwenye sharti, na usawa tukaufikiria mwishoni, wakati ndio ulipaswa kuulizwa kwanza na kuulizwa kwa mwanahistoria, siyo kwa developa. Tungekaa naye na barua kumi tu za mfano tukamuuliza hizi mbili kwako ni siku moja? Hii saa na hii saa ni ileile? Hapa unajua kiasi gani? Lile la saa tatu lingetoka hapohapo mezani kabla hata ya faili la kwanza. Na pia tulipima ubora kwa idadi ya makosa yaliyobaki, kipimo kibaya sana kwa aina kali, maana makosa yanaweza kupungua kwa kusahihishwa au kwa kufichwa na hesabu inaonyesha kitu kilekile.

Kitu kingine kilichotusumbua ni matoleo. Tulipoongeza *pungufu* aina ya saa ilibaki na jina lilelile, kwa hiyo nakala za mwanzo na za baadaye zote zinadai kufuata aina moja wakati masharti yake siyo mamoja. Sasa kila aina ina namba ya toleo ndani ya jina lake na nakala inataja toleo, na nyaraka za zamani zinapimwa kwa toleo lake.

Vipimo vya mizigo bado vimesimama nusu njia. Pishi ni vibaba 4 na kisaga ni vibaba 2, hiyo haina mjadala na aina inaihesabu, kwa hiyo pishi 1 na visaga 2 ni sawa moja kwa moja. Ila kibaba ni kipimo cha ujazo, na ukitaka kilo lazima ujue ni mchele au ni mtama, na kipimo cha soko gani. Frasila wengi huiweka takriban kilo 16, nayo ilikuwa haifanani kila mahali. Kwa sasa aina ya mzigo inalinganisha vipimo vya familia moja tu, vibaba kwa vibaba, frasila kwa frasila, na kugeuza kuwa kilo hakumo kabisa kwenye lugha mpaka mwanahistoria amalize jedwali lake la masoko.